Pikapu ya ukoo: dabo kebini ya nini?

Leo naweka pembeni saikolojia ya elimu, kuna hoja inanikera. Hapa chuo ukitaja pikapu kila mtu anasema dabo kebini. Na nyumbani Mbulu nako, baba na baba zangu wadogo wanachanga hela ya vitunguu swaumu wanunue pikapu moja ya ukoo, iliyotumika, na ubishi ni huo huo. Kura yangu ni singo kebini, bodi ndefu.

Tuanze na vipimo. Chukua Toyota Hilux, maana ndiyo tunayoijua. Singo kebini bodi yake ina urefu wa kama mita 2.3. Ile ya kebini moja na nusu ni kama mita 1.8. Dabo kebini inabakiwa na kama mita 1.5 tu! Yaani viti vya nyuma vimekula theluthi nzima ya bodi.

Mtu atasema, si unapanga magunia juu kwa juu? Sawa, lakini mzigo ukipanda juu gari linayumba kwenye kona. Halafu kwa bodi fupi mzigo mwingi unakaa juu ya ekseli ya nyuma na kupita nyuma yake. Pua inakuwa nyepesi, usukani haushiki. Toka kwenye lami pale Katesh, ingia njia za udongo wakati wa masika, utanielewa.

Tena kinachochekesha: kirikuu, ile Suzuki Carry tunayoidharau, bodi yake ni karibu mita 1.9, inaishinda dabo kebini! Na inafunguka pande tatu, gunia unalisukuma kutoka ubavuni, hakuna matao ya magurudumu yanayokula nafasi. Tatizo lake ni nguvu. Kule Japani imetengenezwa kwa mzigo wa kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Kwa milima yetu hapana. Ila bodi ya kufunguka pande tatu kwenye singo kebini, hiyo ndiyo yenyewe. Ukitaka kubeba mbuzi unafunga vyuma pembeni, basi.

Hoja ya upande wa pili naiheshimu. Dabo kebini inakalisha watu watano ndani, wamefunga mikanda. Siku ya mnada watu wanapanda juu ya magunia, na gari likipinduka hao ndio wa kwanza kuumia. Kweli kabisa. Lakini dawa yake ni kukataa kuwapakia. Bodi ndefu isigeuzwe basi, na hilo ukoo ukubaliane kabla ya kununua, tena mbele ya wazee.

Kwangu hili si suala la gari zuri. Vitunguu visipofika sokoni kwa wakati, dalali anavifuata shambani na bei yake mkononi, na kinachopungua ni ada yangu na ya wadogo zangu. Gari likienda safari mbili kwa mzigo ambao ungeisha kwa moja, mafuta yanakula faida.

Kama kwenu kazi kubwa ni kubeba watu, chukueni dabo kebini kwa amani. Sisi ni wakulima, tununue bodi, viti baadaye.

Nawasilisha. Wenye ubishi tukutane kantini.