Simu unayo, Apple Pay unayo, ila Walmart hawataki

Toroli limejaa, foleni imefika kwako, unagusisha simu kwenye mashine. Kimya. Hiyo ndiyo kero ya wateja wa Walmart nchini Marekani tangu Apple Pay ianze Oktoba 2014.

Usidhani mashine ni mbovu. Vuka mpaka uingie Kanada, Walmart hiyo hiyo inapokea Apple Pay freshi tu.

Kwa mtazamo wangu, ishu ni taarifa zako. Ukilipa kwa Apple Pay, duka halipati namba halisi ya kadi, linapewa namba mbadala. Kujua wewe ni nani na unanunua nini kila wiki kunakuwa kazi. Ndiyo maana Walmart wanakusukuma kwenye Walmart Pay yao, waliyoitangaza Desemba 2015: ufungue programu, uskani QR pale kwa keshia, risiti zote zibaki kwao. Foleni nyuma yako inasubiri.

CVS, wale wa maduka ya dawa, nao waliizima Apple Pay siku chache tu baada ya kuanza. Wakalegeza 2018. Walmart wanagoma kwa sababu wanajua bei zao zitakurudisha tu.

Ukienda, beba kadi ya kuchomeka. Hata ile ya kugusisha haigusiki pale.