Chupa moja, kiti kimoja

Wadau, kuna kisa kimoja cha siasa za Australia ambacho kimenibadilisha msimamo. Naomba nikimwage hapa.

Barry O'Farrell aliingia bunge la jimbo la New South Wales mwaka 1995. Machi 2011 aliongoza muungano wa Liberal, chama chake, na wenzao wa National kunyakua viti 69 kati ya 93. Akawa Waziri Kiongozi wa jimbo, na uwaziri wa Sydney Magharibi juu yake. Jamani, ule haukuwa ushindi, yalikuwa mafuriko!

Miaka mitatu baadaye aling'oka. Kwa kuiba mabilioni? Wapi! Kwa chupa ya mvinyo.

Mvinyo wenyewe ni Penfolds Grange wa 1959, mwaka aliozaliwa, thamani yake dola 3,000 hivi za huko. Bosi wa kampuni moja ya maji alimtumia wiki chache baada ya uchaguzi. Aprili 15, 2014, akiwa mbele ya ICAC, tume ya jimbo ya kupambana na rushwa, O'Farrell alisema hakuipokea. Kesho yake kikaibuka kikaratasi cha shukrani, mwandiko ni wake mwenyewe. Siku hiyo hiyo akatangaza kujiuzulu.

Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Tume yenyewe baadaye ilisema hakukusudia kuipotosha. Sasa mtu kasahau chupa tu, ndiyo aachie ngazi?

Siku hizi sicheki. Tatizo halikuwa chupa, lilikuwa kauli aliyoitoa mbele ya tume. Kiongozi akibaki kitini baada ya hapo, anawafundisha mawaziri wake wote kwamba "nilisahau" ni jibu linalotosha.

Halafu tume hiyo iliundwa na serikali ya Nick Greiner, wa Liberal hao hao, mwaka 1988. Mwaka 1992 ikamgeukia Greiner mwenyewe, naye akajiuzulu, ingawa mahakama ilikuja kumsafisha. Mimi nakiamini kisu kinachoweza kumkata hata aliyekinoa.

Na kujiuzulu si kaburi. Mwaka 2020 O'Farrell aliteuliwa kuwa balozi wa Australia nchini India. Sasa wanaong'ang'ania ofisi kama vile nje hakuna hewa, wanaogopa nini hasa?

Mnasemaje wadau?