Kijiti cha Pamba na Swali la Mtoto

Kwa zaidi ya miaka 20 wanawake wa ukanda wa Ziwa Victoria nchini Kenya, kutoka Muhuru na Macalder hadi Mbita na Kendu Bay, wametoa damu, mkojo na majimaji ya ukeni kwa ajili ya sayansi. Wametia saini fomu za ridhaa, wamepanda boda hadi kliniki siku waliyopangiwa, wamejibu maswali ya faragha ambayo hata dada zao wa tumbo moja hawajawahi kuwauliza. Sababu ya kuombwa haya yote inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori. Miaka sita kabla yake, uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka ulikuta kwamba Ndhiwa, huko Homa Bay, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi hivyo. Moto ulikuwa unawaka, na waliokuja kuuzima walifanya kazi ambayo sitaki kuipunguzia uzito hata chembe.

Lakini wanawake hao wamekuwa na swali jingine muda wote huo, na kijiti cha pamba kilichokuwa kikipelekwa maabara hakikubebeshwa swali hilo ila kwa nadra: mbona sipati mtoto?

Makala haya ni ya swali hilo.

Nianze na viumbe wadogo waishio ukeni, maana bila kuwajua hoja yangu haitasimama. Uke wenye afya, kwa wanawake wengi, hulindwa na bakteria wa jamii ya laktobasilasi. Hutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo huweka uke katika uchachu ambao vijidudu vya maradhi haviupendi, pH isiyozidi 4.5. Mlinzi imara kuliko wote anaitwa Lactobacillus crispatus. Walinzi hawa wakipungua, nafasi yao huchukuliwa na mchanganyiko wa wengine, akina Gardnerella na Prevotella, na hali hiyo ndiyo madaktari wanayoiita vaginosisi ya bakteria, au BV kwa ufupi. Karibu nusu ya wanawake walio nayo hawaoni dalili yoyote. Wanaoona huona majimaji mepesi yenye rangi ya kijivu na harufu kama ya samaki. Katika Afrika kusini mwa Sahara, takriban mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa anayo.

Kiswahili hakijaipa hali hii jina lake. Watu husema "uchafu": natokwa na uchafu, ana uchafu. Neno hili limetudhuru kuliko tunavyodhani. Mwanamke anayeambiwa ana uchafu atafanya lile ambalo kila mtu hufanya mbele ya uchafu, yaani ataosha. Ataosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa siki, kwa unga aliouziwa sokoni na mtu aliyemhakikishia kwamba utambana na kumsafisha. Kila anapoosha ndani, anawaondoa wale wale walinzi wachache waliobaki, na wiki inayofuata harufu imerudi. Kwa mama anayeanika dagaa wa omena ufukoni tangu alfajiri ni mzigo juu ya mzigo, kwa kuwa harufu ya kazi yake inamzuia hata kujua kama mwili wake unamwambia jambo. Tukitaka kuanza mahali fulani bila kungoja fedha za mtu yeyote, tuanze kwa kuliacha neno hilo. BV si uchafu wala si matokeo ya uchafu.

Je, inazuia mimba? Hapa msomaji anastahili ukweli ulivyo, pamoja na mikunjo yake.

Mwaka 2013 watafiti walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia na kuzipima pamoja. Walikuta kwamba wanawake wenye tatizo la uzazi walikuwa na uwezekano wa mara tatu na zaidi wa kuwa na BV kuliko wale wasio na tatizo hilo, hasa pale ugumba ulipotokana na mirija iliyoharibika. Lakini walipowaangalia wanawake waliokuwa wakitungishiwa mimba maabara, BV haikupunguza idadi ya walioshika mimba, ingawa ilihusishwa na mimba kupotea mapema sana. Kisha Denmark wakaamua kujaribu tiba yenyewe. Wanawake wanaotibiwa ugumba ambao uke wao ulikuwa umepoteza uwiano wa bakteria waligawanywa makundi matatu: kundi moja lilipewa dawa ya klindamaisini na baadaye laktobasilasi hai, la pili likapewa klindamaisini peke yake, la tatu likapewa dawa bandia. Matokeo yalichapishwa 2025. Tiba haikuongeza mimba.

Wapo watakaofunga mjadala hapo. Nami nawaelewa, jaribio lile lilifanywa kwa umakini, na linapaswa kumnyamazisha kila muuzaji wa vidonge vya "bakteria wazuri" anayemwahidi mwanamke mtoto. Asiuziwe mtu matumaini ambayo sayansi imeyapima ikayakosa.

Ila hebu tuangalie safari ya mimba ile ya Denmark. Yai limetolewa kwa sindano, limekutana na mbegu kwenye sahani ya maabara, kiinitete kimewekwa moja kwa moja ndani ya mji wa mimba. Mirija ya uzazi haikuhusika kabisa. Kama madhara makubwa ya BV na maradhi yanayoandamana nayo hutokea ndani ya mirija, basi jaribio hilo limepita kando ya mahali penyewe penye jeraha. Limejibu swali la mwanamke anayeifikia kliniki ya kutungisha mimba, na jibu hilo ni la kweli kwake. Mwanamke wa Nyatike au Rangwe, huku ziwani, hana sahani ya maabara, wala hana laki kadhaa za shilingi za mzunguko mmoja wa kutungisha mimba jijini Nairobi. Mtoto wake, kama atakuja, lazima apite katika mirija hiyo.

Na mirija ndiyo kidonda cha zamani cha bara letu. Shirika la Afya Duniani lilipowachunguza wenzi wagumba katika mabara mbalimbali kati ya 1979 na 1984, Afrika ilijitenga na wengine kwa wingi wa ugumba unaotokana na maambukizi. Klamidia na kisonono ndio watuhumiwa wakuu, na hakuna anayewaondolea lawama. Lakini BV humrahisishia mwanamke kuyapata yote mawili, na bakteria wake wamekutwa wakipanda hadi juu na kushiriki katika uvimbe wa nyonga. Basi swali ambalo ziwa linapaswa kuuliza ni hili: msichana wa miaka 19 akigunduliwa na kutibiwa BV mapema, na isirudi, je, mirija yake itakuwa mizima akifika 29? Hilo halitajibiwa Copenhagen. Litajibiwa mahali ambapo maambukizi ni mengi, kliniki za kutungisha mimba ni adimu, na watafiti wanawajua wanawake kwa miaka mingi. Sijui mahali panapofaa kuliko hapa.

Watu na uwezo tunao. Mradi wa huduma za VVU wa FACES, wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ulianza 2004 na ukahudumia Kisumu, Migori na Homa Bay. Craig Cohen, mmoja wa waanzilishi wake, aliongoza uchambuzi uliochapishwa 2012 kuhusu wenzi zaidi ya 2,200 wa nchi saba za Afrika, ukaonyesha kwamba mwanamke mwenye VVU aliyekuwa pia na BV alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kumwambukiza mume wake virusi. Tazama lakini BV imeingia katika utafiti kwa mlango upi: kama njia ya virusi kumfikia mwanamume. Ilistahili kuchunguzwa hivyo. Ilistahili pia kuchunguzwa kwa ajili ya mwanamke mwenyewe na kile anachokitamani.

Watafiti hao hao wa ziwa wamewahi kuuliza maswali mapana. Mradi wa Shamba Maisha, katika vituo 16 vya afya vya Kisumu, Homa Bay na Migori, ulijaribu kuona kama mkopo, pampu ya kumwagilia na mafunzo ya kilimo vinaweza kuboresha afya ya mtu anayeishi na VVU. Katika kaunti jirani ya Siaya, watafiti walifuatilia wasichana wa shule waliopewa vikombe vya hedhi. Ripoti ya 2023 ilionyesha kwamba uwezekano wa kuwa na BV ulikuwa chini kwa asilimia 26 kwa waliopewa vikombe, na yule mlinzi imara, crispatus, alionekana zaidi kwao. Kikombe kimoja hutumika kwa miaka. Nikisoma matokeo kama hayo hujiuliza ni nani atakayewatafuta wasichana wale wakishaolewa, awaulize habari za uzazi wao.

Sasa nije kwa mwanamume, ambaye katika mazungumzo haya hukaa nje ya mlango wa kliniki akingojea majibu ya mtu mwingine.

Kisumu kulifanyika utafiti wenye jina ninalolipenda: Afya Jozi, Afya Jamii. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yaliwahusu wanawake 168 ambao mwanzoni hawakuwa na BV. Ndani ya mwaka mmoja karibu theluthi moja waliipata, na bakteria waliokuwa kwenye uume wa mwenzi walitabiri kwa usahihi mkubwa ni nani ataipata. Mwaka 2025 madaktari wa Melbourne, Australia, walikamilisha mnyororo huo. Waliwatibu wanawake kwa dawa ya kawaida, na katika nusu ya wenzi wakamtibu pia mwanamume, kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka, siku saba. Baada ya wiki 12, BV ilikuwa imerudi kwa asilimia 63 ya wanawake ambao waume zao hawakutibiwa, na kwa asilimia 35 ya wale ambao waume zao walitibiwa. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa tofauti ilikuwa dhahiri.

Wenzi wa Melbourne walikuwa mume mmoja na mke mmoja, na wengi wa wanaume hawakuwa wametahiriwa. Ufukoni kwetu kuna ndoa za wake wengi, kuna wavuvi wanaohama na samaki, kuna jaboya, ambamo mwanamke hupata samaki kwa kutoa mwili wake, na kuna vijana wengi waliotahiriwa katika kampeni za kuzuia VVU. Matokeo ya huko hayawezi kubebwa jinsi yalivyo. Ndiyo sababu nasema yajaribiwe hapa, na yajaribiwe pamoja na swali la mtoto.

Kwa sasa, mwanamke anayefika zahanati na majimaji hutibiwa kwa dalili: pakiti ya metronidazoli, dawa ya fangasi, aende nyumbani. Asiye na dalili haonekani kabisa. Kuweka tone kwenye kioo, kulitia rangi na kuhesabu bakteria chini ya hadubini ni ujuzi wa tangu 1991, na hadubini hizo tayari zipo katika maabara nyingi zinazopima malaria. Mume haitwi. Miezi mitatu baadaye mwanamke amerudi, na akirudi mara ya tatu ameanza kuonekana msumbufu.

Nyumbani mambo ni mazito zaidi. Kijaluo kina neno lur, mwanamke asiyezaa, na sijasikia neno lenye uzito huo likitumika kwa mume. Kwa Wakuria wa Migori, kama kwa ndugu zao wa Tarime, Tanzania, wenye desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwingine amzalie kwa jina la nyumba yake. Desturi hiyo imetunza wazee wengi, lakini nayo inaonyesha ni nani aliyetarajiwa kuitafuta dawa ya upungufu. Katika sehemu kubwa ya visa vya ugumba tatizo huwa la mwanamume au la wote wawili. Bado anayerudishwa kwao ni mmoja.

Namtaja kwa heshima Millie Odhiambo, Mbunge wa Suba Kaskazini, aliyeupeleka bungeni zaidi ya mara moja muswada wa teknolojia za kusaidia uzazi. Nchi iliyopata watoto wake wa kwanza wa maabara mwaka 2006 ilihitaji sauti hiyo, na imetoka Homa Bay. Sheria ya kliniki ni njema. Lakini mirija haizibi siku mwanamke anapofika kliniki. Iliziba miaka kumi iliyopita, zahanatini, alipopewa pakiti na kuambiwa aende.

Kwa hiyo nazungumza na wanaoandika miradi na wanaoipitisha katika kamati za maadili: kila utafiti ujao utakaochukua kijiti cha pamba Migori au Homa Bay uulize pia mwanamke ametafuta mimba kwa muda gani, na umrudishie majibu yake mkononi. Nazungumza na idara za afya za kaunti hizo mbili: mfundisheni mtaalamu wa maabara wa kila kituo kusoma kioo cha BV chini ya hadubini, na andikeni jina la mume kwenye kadi ya matibabu.

Nawe unayesoma ukiwa na mwaka mzima wa kungoja mimba, acha kuosha ndani. Usinunue unga wala kidonge cha ahadi. Mwambie mwenzako siku ya kliniki, na mwende wawili.