Talanta Ipewe Wapangaji Kabla ya Afcon

Uwanja wa Talanta, katika eneo la Jamhuri kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, umebuniwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja Septemba 2023. Ni uwanja wa viti 60,000 na, tofauti na Kasarani au Nyayo, haukuzungushiwa njia ya wanariadha. Ni mstatili wa soka na raga tu, shabiki akiwa hatua chache kutoka kwa mchezaji. Mjadala wetu hadi sasa umeng'ang'ania swali moja: utakuwa tayari kwa wakati? Nchi iliyopokonywa Kombe hilo la Mataifa (Afcon) mwaka 1996 na CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2018 ina kila sababu ya kuuliza hivyo. Ila swali hilo litapata jibu lake lenyewe, kwa maana tarehe ya mashindano haibembelezwi. Lisilo na jibu ni nani atakayeutumia uwanja huo wiki baada ya wiki, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likishafunga mizigo yake na kuondoka. Naamini jibu linapaswa kuandikwa kwenye mikataba ya upangaji sasa, na wapangaji wenyewe wanajulikana: klabu za soka za Nairobi na mchezo wa raga.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndizo zinazowapumbaza wengi. Talanta haikujengwa kwa fedha za kawaida za bajeti. Mwaka 2025 zilikusanywa shilingi bilioni 44.79 kupitia dhamana ya miaka 15 iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, yenye faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka kwa wawekezaji, na mapato ya Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii ndiyo yaliyowekwa kulipia deni hilo. Piga hesabu. Asilimia 15 ya kiasi hicho ni karibu shilingi bilioni 6.7 katika mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya milioni 18 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sasa ujaze viti vyote 60,000 kwa tiketi ya shilingi 500. Utapata milioni 30, ambazo hazifikii riba ya siku mbili. Anayewaambia Wakenya kwamba uwanja huu utajilipa kwa viingilio hajafanya hesabu, au ameifanya akanyamaza.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo sababu ya kuukodisha kwa tamasha, mikutano ya dini na mahafali, kwa yeyote mwenye fedha nyingi, na kuziacha klabu maskini zihangaike zilivyozoea. Mimi nauona mzigo huo wa deni ukisema kinyume chake. Hazina ya Michezo inapata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi za michezo ya kamari, na ilianzishwa ili timu zetu za taifa zisikwame uwanja wa ndege zikidai nauli na marupurupu. Kila shilingi inayokwenda kwa mwenye dhamana ni shilingi ambayo haikwenda kwa timu. Kwa hiyo wanamichezo ndio wanaoulipia uwanja huu, kwa miaka 15, watake wasitake. Kama hawawezi kurudishiwa fedha, basi warudishiwe siku za kucheza. Huo ndio mzani wa haki wa kuupimia uwanja huu: siku ngapi kwa mwaka mpira unachezwa ndani yake, na nani anacheza.

Anayetaka kujua yanayotokea uwanja unapojengwa bila mwenyeji aende Cape Town. Afrika Kusini ilitumia takriban randi bilioni 4.4 kujenga uwanja wa Green Point kwa Kombe la Dunia la 2010. Ulipokea mechi nane, ikiwemo nusu fainali ambapo Uholanzi iliifunga Uruguay 3-2. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huo huo, kampuni zilizotarajiwa kuuendesha kwa mkataba wa muda mrefu zilijiondoa, maana hesabu zao hazikuonyesha faida, na jiji likabaki na mzigo wa kuugharimia mwaka baada ya mwaka. Eneo lenyewe lilikuwa limezua ubishi tangu mwanzo: jiji lilikuwa limefikiria Athlone, karibu na mitaa ya watu wanaopenda soka, lakini Fifa ikavutiwa na Green Point, ufukweni, chini ya mlima. Klabu za soka zilicheza humo mbele ya viti vitupu. Chama cha raga cha Western Province, chenye mashabiki wa kuujaza, hakikuhama. Kilikuwa na uwanja wake wa Newlands uliotumika tangu karne ya 19, na hakikuona kwa nini kiache nyumba yake kiwe mpangaji wa jiji.

Iliwachukua jiji na chama hicho miaka kumi na zaidi kukubaliana. Raga ilihamia rasmi mwaka 2021, na mambo yakabadilika upesi kuliko walivyotarajia wakosoaji, ambao wengine walikuwa wameshapendekeza jengo libomolewe. Juni 2022 Stormers waliwashinda Bulls 18-13 humo katika fainali ya United Rugby Championship; Septemba mwaka huo ukaandaa Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kila upande; Septemba 2024 Springboks wa Afrika Kusini wakawapiga All Blacks wa New Zealand 18-12. Zege lilikuwa lile lile la 2010. Kilichoongezeka ni mwenyeji mwenye ratiba. Sioni kwa nini Nairobi irudie muongo mzima wa ubishi ili ifike mahali ambapo Cape Town imekwisha kufika.

Kwa upande wa raga, Nairobi ina bahati ambayo Cape Town haikuwa nayo. Barabara ya Ngong ndiyo makao ya mchezo huo nchini. Uwanja wa raga wa RFUEA upo pale pale, klabu za Harlequin na Impala zina maskani yao kwenye barabara hiyo, na Nondies wako Jamhuri. Safari Sevens, mashindano yaliyoanza 1996 na kulea vijana walioishangaza dunia kwa kuilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, yamekuwa yakihamahama kati ya RFUEA, Nyayo na Kasarani, na katika viwili hivi vya mwisho mtazamaji anatenganishwa na mchezo na njia za riadha. Mechi za klabu zibaki RFUEA, hazihitaji viti 60,000. Safari Sevens na mechi za Simbas, timu ya taifa ya raga, dhidi ya Uganda au Zimbabwe ndizo za kuhamishiwa Talanta, kwa tarehe zinazojulikana miaka mitano mbele.

Kwa soka, debi ya Mashemeji kati ya Gor Mahia na AFC Leopards ndiyo kiini. Klabu hizi mbili zina zaidi ya nusu karne kila moja na bado zinaomba uwanja wa kuchezea ligi kama mgeni anayeomba kulala. Najua pingamizi: mechi ya kawaida ya ligi haiwezi kujaza Talanta hata robo. Kweli, na haihitaji kuijaza. Fungua ngazi ya chini pekee, toza kodi kama asilimia ya viingilio badala ya ada moja inayoiua klabu kabla ya mpira kuanza, na gharama za taa na walinzi zitapungua pia.

Pingamizi la pili ni usalama, na hili si la kupuuzwa. Wakati wa CHAN, Agosti 2025, CAF ilipunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 baada ya watu kuvunja utaratibu na kuingia kwa nguvu. Lakini umati haufundishwi adabu kwa kufungiwa lango miezi kumi na moja halafu kuitwa mara moja kwa mwaka. Wasimamizi nao hujifunza kazi kwa kuifanya, na mechi ya ligi kila wiki ni shule bora kuliko semina.

La tatu ni nyasi. Wanasoka hulalamika kwamba skramu za raga huzichimbua, na hawasingizii. Hata hivyo timu za taifa za Ufaransa za soka na raga zimetumia Stade de France, uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1998, tangu ulipofunguliwa. Kinachotakiwa ni mtunza nyasi mwenye mamlaka ya kukataa mechi. Na kama tunazungumzia uharibifu, jukwaa la tamasha na maelfu ya wachezaji dansi yanaumiza nyasi kuliko skramu yoyote, ila sijasikia mtu akipendekeza wanamuziki wafukuzwe.

Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, Rais William Ruto alitangaza kuwa uwanja huu utabeba jina la kiongozi huyo, aliyekuwa mlezi wa Gor Mahia. Ni heshima inayostahili, na ingekuwa ajabu klabu aliyoipenda ikalisoma jina lake kwa nje ya lango. Wizara ya Michezo ichapishe masharti ya upangaji, iketi na Shirikisho la Soka na Muungano wa Raga, na ratiba ya mwaka 2028 itangazwe kabla mechi ya kwanza ya Afcon haijachezwa.