Maili Haitaki Kifua Kipana
Wapo wadhanio kwamba kijana wa chuo kikuu cha Marekani achezaye futiboli ya kwao, kwa kuwa huchomoka kama mshale katika yadi 40, hashindwi kuikimbia maili kwa dakika nne na ushei. Nami, kwa taadhima yote, naiona dhana hiyo kuwa batili. Mchezo wao huenda kwa sekunde chache, kisha husimama, wachezaji wakitweta, na walinzi wa mstari wa mbele, ambao aghalabu hupita kilo 130, wameijenga miili yao kwa kusukumana, kazi yenye heshima yake. Maili ni mita 1,609 zisizo na pumziko. Mwanariadha wetu wa Tanzania, Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya maili mjini Kingston mwaka 1975 kwa dakika 3 na sekunde 51, alikuwa mwembamba. Mchezaji wao akiimaliza kwa dakika sita, apewe sifa kamili.