Makufuli matatu na neno moja la siri

Mkulima wa Ombaci anayengoja mkopo wa parishi na mama wa Imvepi anayengoja pesa za mgao kwenye simu huenda hawajuani, lakini wote wawili majina yao yako ndani ya kompyuta ambayo hawajawahi kuiona. Namba ikiingizwa vibaya, wao ndio wa kwanza kuumia.

Kwa wenyeji, jambo hili limekuwa kubwa zaidi tangu Februari 2022, ulipozinduliwa Mpango wa Maendeleo wa Parishi. Serikali iliahidi shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa SACCO ya kila parishi, na kaya inaweza kukopa hadi milioni 1. Wanufaika huandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta. Kwa wakimbizi, Julai 2023 WFP ilianza kugawa msaada kwa makundi matatu kulingana na hali ya kaya, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao. Kuwekwa kundi lisilo lako si kosa dogo la karani. Ni sufuria kukaa bila chakula.

Tunaambiwa kompyuta inazuia wizi. Inasaidia, ndiyo, ila sisi wa West Nile tuna sababu ya kuuliza zaidi. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifichua kwamba mabilioni ya shilingi ya wafadhili, yaliyotolewa kwa ajili ya kuijenga upya kaskazini mwa Uganda, sehemu yetu ikiwemo, yalipitishwa kwenye akaunti nyingine ya Ofisi ya Waziri Mkuu na kuliwa. Wakati huo serikali ilikuwa tayari inatumia mfumo wa kisasa wa hesabu. Mfumo ulikuwepo, lakini waliopaswa kukaguana walishirikiana, na saini zikaghushiwa. Mhasibu mkuu wa ofisi hiyo, Geoffrey Kazinda, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Ireland ilirudishiwa euro milioni 4 zake. Wananchi waliokusudiwa kufaidika, nani aliwarudishia?

Mwaka 2018 likaja jingine. Uganda ilikuwa ikihesabu wakimbizi zaidi ya milioni 1.4. Baada ya tuhuma za majina hewa, serikali na UNHCR walirudia kuhakiki watu wote kwa alama za vidole na picha za macho, kuanzia Machi hadi Oktoba. Walipatikana takriban milioni 1.1. Hapo mashine ilifanya kazi yake vizuri, kwa sababu kila mtu alilazimika kufika mwenyewe na kuonekana.

Sasa tazama vikundi vya kuweka na kukopa vya Rhino Camp, Lobule au hapa Ombaci. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Pesa huhesabiwa mbele ya wote, mihuri inagongwa kwenye vitabu, na salio linatamkwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma alikumbuke wiki ijayo. Huo nao ni mfumo wa hesabu, tena bila umeme.

Una udhaifu wake, hasa mwisho wa mwaka sanduku linapojaa na wezi wanapolijua. Ndiyo maana vikundi vingi vinahamia kwenye simu, na sioni ubaya. Lakini namba ya siri ikiwa kwa katibu peke yake, makufuli mawili yameshaondoka. Wagawie watu tofauti simu, laini na namba ya siri, na ujumbe wa salio usomwe kwa sauti katika kila mkutano, kama mlivyozoea.

Kwa mkopo wa parishi, muulize mweka hazina wa SACCO akuonyeshe jina lako na kiasi kilichoandikwa kabla hujasaini chochote. Kwa mgao, ukiona kundi la kaya yako halilingani na hali yenu, nenda kwenye meza ya malalamiko na kadi yako ya familia, eleza, kisha dai namba ya lalamiko lako. Iandike mahali ambapo mvua haitaifikia.