Wacheni Kukata Gia Leva

Wasee wa Turbo, tuongee. Sitataja mtu, lakini mnajijua. Hii tabia ya kupeleka gari kwa fundi wa kuchomelea, anakata gia leva na grainda, anarudisha kile kichwa juu, halafu mnatuambia eti gia sasa zinaingia kama za Safari Rally, imenichosha.

Na ninaongea nikijua. Mwaka jana nilikata ya Corolla 110 ya mjomba. Nilimwambia ni ripea ndogo. Sentimita kumi zikaenda. Gari ikiwa imesimama, raha tupu: mkono unasonga kidogo tu, tak, tak. Nikapiga hadi video.

Siku ya tatu tukatoka Turbo kuelekea Eldoret, mjomba kiti cha pembeni. Mbele yetu trela imetoka Malaba, inapanda kilima polepole. Nikatoka kuipita, nikataka kurudi gia ya tatu. Leva ikakataa. Nilivuta nikaishia frii, injini inapiga kelele na gari haina nguvu, na mbele basi inakuja. Nilirudi nyuma ya trela kwa breki na maombi. Mjomba hakusema neno hadi Eldoret. Afadhali angenitukana.

Sasa hesabu, na si ngumu. Umewahi kufungua nati za gurudumu na spana fupi? Zikikataa unafanya nini? Unaongeza paipu. Gia leva ni hivyo hivyo. Ikiwa ilikuwa sentimita 40 na ukaacha 30, mkono utasonga robo pungufu, sawa, lakini utasukuma kwa nguvu zaidi kwa theluthi moja. Hujapata kasi, umebadilisha umbali na uzito. Huko chini kwa gia boksi hakuna kitu kimebadilika hata milimita.

Na huko chini ndiko kazi iko. Kuna ringi za sinkronaiza, nyingi ni za shaba, zinazosawazisha mwendo wa gia kabla haijashika. Zinahitaji muda wao, hata kama ni mdogo. Ukizilazimisha kila siku zinalika, halafu unaanza kusikia ile krrr ukiingiza gia ya pili. Kuteremsha gia boksi si bei ya kukata chuma, buda.

Eti Safari Rally. Tangu mashindano ya dunia yarudi Naivasha 2021 kila mtu ni dereva. Leva ya zile gari kubwa inavutwa na kusukumwa tu, gia zinafuatana, hakuna kutafuta tatu iko wapi. Gia boksi yenyewe ni ya aina nyingine kabisa, na iko na mafundi wanaoichunga. Yako inachungwa na nani?

Kuna mwenye ataniambia Mazda MX-5 ina leva fupi. Ni kweli, na ilichorwa hivyo kiwandani, leva inakaa juu ya gia boksi moja kwa moja. Hata vile vifaa halisi vya kufupisha mwendo wa gia hubadilisha urefu wa chini ya ile sehemu leva inazungukia. Hiyo kitu grainda haifanyi.

Kama gia zako ni nzito au leva inacheza kama kijiko kwa uji, anza na bushi. Za plastiki huisha, na gari zetu zilifika hapa zikiwa zimetumika. Angalia oili ya gia boksi mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Angalia klachi kama inaachia vizuri. Mimi nilitafuta leva nzima kwa wauza spea za mtumba, nikaweka bushi mpya, na gia zinaingia laini kuliko hata kabla sijaharibu.

Fundi ndiye aliniambia zinaingia laini. Mjomba bado amekataa na ufunguo.